Kingalu Yupi? Matoleo ya Lugha za Kompyuta na Kazi Zetu

Ukifika Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ukasema unamtafuta Kingalu, utaonyeshwa njia. Lakini ukisema umesikia Kingalu alitamka hivi au alifanya vile, utaulizwa kwanza: Kingalu yupi? Kingalu ni jina la kiti. Chifu mmoja akiondoka, anayesimikwa baada yake naye huitwa Kingalu, na ndiyo maana jina hilo hufuatiwa na namba. Hata Soko Kuu la Morogoro mjini limeitwa la Chifu Kingalu, na wanunuzi wa nyanya wala hawaulizi namba.

Kompyuta nayo ina majina ya kiti. Ukiandika python, jina la lugha ya kuandikia programu, kwenye dirisha jeusi la amri, hujaita programu moja maalumu, umeita jina lililorithiwa. Atakayeitika anaweza kuwa 2.7 wa mwaka 2010, 3.8 wa mwaka 2019 au 3.12 wa mwaka 2023, kutegemea nani amekalia kiti kwenye mashine hiyo siku hiyo. Wote wanaitwa Python, lakini hawasemi maneno yaleyale.

Katika mji wa vyuo kama Morogoro jambo hili si la mafundi peke yao. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kipo hapa tangu mwaka 1984, Mzumbe iko kando ya barabara ya Iringa, na kila mwaka wanafunzi hushuka kutoka Mgeta, Matombo na misitu ya juu na madaftari ya takwimu: udongo, mbogamboga, panya, ndege, maji ya mito inayolisha Ruvu. Takwimu hizo huingia kwenye lugha ya R au ya Python, hutoka zikiwa majedwali, na majedwali hugeuka shahada. Ndipo linapokuja swali: kompyuta moja ikiwa na matoleo mawili matatu ya lugha ileile, nani aamue lipi lifanye kazi? Mashine, mtu aliyekaa mbele yake, au kazi yenyewe? Mimi nasema kazi yenyewe. Najua wanaobisha, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Tuanze na jinsi kompyuta inavyochagua, maana haichagui kwa akili. Ina orodha ya folda iitwayo PATH, zimepangwa kwa zamu. Ukitaja jina la programu, mashine inafungua folda ya kwanza, inatazama. Haipo, inakwenda ya pili, ya tatu, mpaka ikutane na faili lenye jina hilo. Ni kama konda aliyetumwa stendi ya Msamvu kumtafuta abiria anayeitwa Mkude. Anaita kuanzia benchi la kwanza, na Mkude wa kwanza kuitika ndiye anayepandishwa basi. Mkude mwenye tiketi, aliyekaa nyuma, anabaki anakunywa soda. Uchawi wote wa kubadili matoleo, hata uwe na jina gani, ni kupanga upya mabenchi hayo au kubadili nani anakaa benchi la mbele.

Kwenye Windows mambo huanza kuharibika siku ya kuinstoli. Kuna kiboksi kidogo kinachouliza kama Python iongezwe kwenye PATH, na mwanafunzi mwenye haraka hukipita bila kukitia tiki. Kesho yake anaandika python, linafunguka duka la Microsoft, anadhani laptopu ina virusi. Wachache wanajua kwamba Python yenyewe huja na mlinzi wa mlangoni aitwaye py. Ukiandika py -0 anakuorodheshea matoleo yote yaliyomo, na ukiandika py -3.8 alama.py anamwita 3.8 kwa jina lake kamili na kuwaacha wengine wamelala. Hakuna cha kubadili wala kufuta. Kwa mtu mwenye Windows hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na sijui kwa nini haifundishwi wiki ya kwanza.

Kwenye Linux ugomvi wa kiti ulichukua miaka. Python 3 ilitoka Desemba 2008 ikiwa imevunja kwa makusudi mambo kadhaa ya Python 2, na watengenezaji wake walitarajia watu wahame polepole. Walihama polepole kweli. Tarehe ya kustaafu ya 2.7 ilikuwa 2015, ikasogezwa mbele hadi tarehe 1 Januari 2020. Katikati hapo jina python tupu lilikuwa la nani? Arch Linux walimpa Python 3 mwaka 2010, mapema mno kwa maoni ya wengi. Debian na Ubuntu walimwachia mzee 2.7, wakamwita kijana python3. Mzee alipostaafu, Ubuntu 20.04 ilikuja na kiti kitupu: ukiandika python unaambiwa hakuna mtu wa jina hilo, na kuna kifurushi maalumu cha kuinstoli ili kumsimika 3 kwenye jina la zamani. Nimeona kitabu cha 2.7 kikiendelea kuazimwa maktaba muda mrefu baada ya hapo, na mwaka wa kwanza wakilaumiana kwa nini mstari wa print uliopo kitabuni unakataliwa na mashine.

Kosa la print halinisumbui. Linapiga kelele, linasema liko mstari wa ngapi, unaongeza mabano, maisha yanaendelea. Linaloninyima usingizi ni badiliko lisilosema kitu. Chukua mwalimu wa sekondari aliyeandikiwa na kijana wake programu ndogo ya kukokotoa wastani wa mitihani miwili. Mwanafunzi amepata 45 na 44. Jumla ni 89, gawanya kwa 2.0, unapata 44.5, kisha programu inakadiria kwa amri ya round. Python 2 inajibu 45. Python 3 inajibu 44. Faili ni lilelile, hakuna herufi iliyoguswa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kwa madaraja ya kidato cha nne C huanzia 45, kwa hiyo mtoto aliyekuwa na C jana leo ana D, kwa sababu tu fundi aliisafisha laptopu ya ofisi akaweka Python mpya.

Sababu ipo na si ya kijinga. Python 3 inakadiria nusu kuelekea namba shufwa iliyo karibu: 44.5 inashuka 44, 45.5 inapanda 46. Ukikadiria namba nyingi mno, kupandisha nusu kila mara huvimbisha jumla kidogo kidogo, na njia mpya inaziba uvimbe huo. Kwa mtakwimu ni maendeleo. Kwa mzazi wa mtoto mwenye 44.5 ni jambo jingine, na yuko mwenzake mwenye 64.5 anayesubiri B, na mwingine mwenye 74.5 anayesubiri A. Mwenye 29.5 hana wasiwasi, matoleo yote mawili yanampa 30. Na kama kijana aliyeandika alisahau ile .0 baada ya 2, basi Python 2 ilikuwa inakata nusu yote tangu siku ya kwanza, 89 gawanya kwa 2 inatoa 44 kavu, na kwa miaka hakuna aliyegundua.

PHP, lugha ya kuandikia tovuti, nayo ina yake. Ukiuliza PHP 7 kama sifuri ni sawa na neno “hajafika” kwa alama mbili za usawa, inakujibu ndiyo. PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, inakujibu hapana. Jibu la sasa ndilo lenye akili, kwa kuwa aliyefanya mtihani akapata sifuri si sawa na asiyeufanya. Lakini mfumo wa matokeo ulioandikwa kwa kutegemea jibu la zamani utaanza kuwagawa watu upya, kimyakimya.

Sasa tupande mlimani, maana R ndiko wengi wetu tuliko. Mtafiti ana vijiji 10 tarafa ya Mgeta na fedha ya kutembelea vitatu. Ili asionekane kapendelea vijiji vya barabarani, anaiachia kompyuta ichague kwa bahati nasibu, na ili mtu mwingine aweze kurudia bahati nasibu ileile anaweka mbegu: set.seed(42), kisha sample(1:10, 3). R ya kabla ya 3.6.0 inampa kijiji namba 10, 9 na 3. R ya kuanzia 3.6.0, iliyotoka Aprili 2019, inampa 1, 5 na 10. Mbegu ni moja, shamba ni moja, mavuno tofauti. Njia ya zamani ya kuchagua iligundulika kuwa na kasoro ndogo, wenye R wakairekebisha, na walifanya sawa. Walitoa hata amri ya kuirudisha tabia ya zamani kwa anayehitaji kurudia kazi yake ya nyuma. Lakini mwanafunzi aliyekusanya takwimu 2018 na kutetea 2020, katikati akabadilisha laptopu, anaweza kusimama mbele ya wasahihishaji akiwa na programu inayosema alikwenda kijiji cha 5 wakati viatu vyake vilikwenda kijiji cha 9.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2020, R 4.0.0 ikabadili jambo jingine: safu za maneno katika jedwali hazigeuzwi tena kuwa makundi zenyewe, mpaka uombe. Safu yako ya “masika” na “vuli”, ambayo R ya zamani iliitambua kama makundi mawili, sasa inasomwa kama maneno tu. Baadhi ya amri zinaendelea kama kawaida, nyingine zinagoma.

Pamoja na hayo, R kwenye Windows ni mpole. Kila toleo linakaa kwenye folda yake, halimfukuzi mwenzake, na ukishikilia kitufe cha Ctrl wakati unafungua RStudio linatokea dirisha la kukuuliza unataka toleo gani. Kitufe kimoja tu. Nimewahi kumwonyesha mtu aliyekuwa akifuta na kuinstoli upya R kila alipohama kutoka kazi ya msimamizi wake kwenda kazi yake mwenyewe, akakaa kimya kidogo, akasema afadhali nisingemwambia, roho inamuuma kwa mabando aliyomaliza.

Java nitaipita haraka kwa sababu watu wake wana nidhamu. Mfumo wa DHIS2, ambao Wizara ya Afya hukusanyia takwimu za zahanati na vituo vya afya nchi nzima, umeandikwa kwa Java, na kila toleo lake hutamka linataka Java ya ngapi: ya zamani ilitaka 8, toleo la 2.41 linataka 17. Anayeiendesha seva haulizi ladha yake wala ya mashine. Anasoma, anaweka inayotakiwa, anaielekeza seva kwenye folda hiyo, basi.

Wenye kukodisha nafasi za tovuti nao walifika huko zamani. Ndani ya cPanel kuna ukurasa wa kuchagua PHP kwa kila tovuti: duka la mbegu likae 7.4, tovuti ya kanisa ikae 8.2, zote ndani ya seva moja. Linganisha na XAMPP ya kwenye laptopu zetu, inayokuja na PHP moja tumboni. Kijana aliyejifunza kwa mysql_connect, amri iliyoondolewa kabisa PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015, anaifungua kazi ya kaka yake, inakataa, na ushauri anaopewa bwenini ni kutafuta XAMPP ya kizamani. Kazi yake mpya nayo inarudi enzi hizo, kwa kuwa mashine nzima imerudi.

Upande wa Python kuna pyenv. Inakaa benchi la mbele kabisa la PATH na kujifanya ndiye Mkude. Ukiita python inaitika yenyewe, inatazama kama kwenye folda uliyosimama kuna kifaili kidogo kiitwacho .python-version, inasoma namba iliyoandikwa humo, kisha inampisha mwenye namba hiyo. Ukihama folda, kiti kinahama. Watu wa Node wana nvm na kifaili chake .nvmrc, na asdf inachukua lugha nyingi kwa mpigo. Majina mengi, wazo moja: namba inakaa ndani ya folda ya kazi, inasafiri nayo kwenye flashi, inafika kwa msimamizi ikiwa imeandikwa.

Hapa kuna mkanganyiko nisiopenda kuuacha. Wengi hudhani venv hubadili toleo. Haibadili. Venv inatenga vifurushi tu, ila Python iliyomo ni ileile uliyoitengenezea. Ukiijenga kwa 3.8 itabaki 3.8. Conda na uv zenyewe zinaweza kuleta Python nyingine.

Nilichelewa kuyajua haya yote, na gharama yake niliilipa usiku mmoja chumbani Kihonda. Laptopu yangu ilikuwa na Ubuntu 18.04, yenye Python 3.6. Nilihitaji 3.8. Nikainstoli, nikafurahi, kisha nikatumia amri ya update-alternatives kuielekeza python3 ya mashine nzima kwa mgeni. Programu yangu ikaenda vizuri. Nikafunga terminali, nikajaribu kuifungua tena, haikufunguka. Nikabonyeza mara kumi. Kumbe terminali yenyewe huanzishwa kwa Python, ile ile 3.6 niliyoipokonya kiti, na vitu vyake haviko kwa 3.8. Mlango wa kurekebishia ndio nilioufunga. Nilitoka kwa kubonyeza Ctrl, Alt na F3, nikaingia kwenye skrini nyeusi isiyo na madirisha, nikarudisha 3.6. Tangu hapo Python ya mfumo siigusi. Debian 12 na Ubuntu za kuanzia 23.04 sasa zinakataa hata kuinstoli vifurushi ndani yake kwa pip bila kulazimishwa, na wanaolalamikia ukali huo nadhani hawajawahi kufungiwa nje.

Wapo wanaosema haya yote ni mbwembwe: kila mtu aapdeti, atumie toleo jipya, yaishe. Wana hoja ya usalama, na kwa seva iliyo wazi kwenye intaneti wako sahihi. Toleo lililostaafu halizibwi matundu. Kwa laptopu ya mwanafunzi naona wanaruka jambo. Kompyuta nyingi hapa zimenunuliwa mtumba, baadhi zina Windows 7, na kwenye Windows 7 Python ya mwisho rasmi ni 3.8. Kumwambia mwenye mashine hiyo aapdeti ni kumwambia anunue mashine. Halafu kuna bando. Chanzo cha Python kilichobanwa ni takribani MB 20, ila pyenv kwenye Linux inakijenga hapohapo na inadai vifaa vya ujenzi kwanza. Java kamili inapita MB 150. Miliki matoleo manne ya kila kitu na utajua thamani ya usiku wa bando.

Uluguru inajua kisa cha toleo jipya la lazima. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wakate matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini penye udongo mwembamba wa juu, kukata ngazi kulifukua udongo maskini wa chini, kazi ilikuwa ya shuruti, na mwaka 1955 ghasia zililipuka na mpango ukaachwa. Ngazi si mbaya. Kwingine mlimani humohumo zinalimwa mboga. Kilichokosewa ni kuamuru kwa mlima mzima jambo la kuamuliwa shamba kwa shamba.

Upande wa pili wapo wanaoganda: “inafanya kazi, usiiguse.” Nao siwaungi mkono. Anayeganda bila kuandika ameganda nini, siku laptopu inapoibiwa anabaki na faili asilojua liliendeshwa na nani. Python sasa hutoa toleo kila Oktoba na kulitunza miaka 5. Kazi ya shahada ya uzamivu inaweza kuanza na toleo hai na kuisha na toleo lililostaafu, bila mtafiti kufanya uzembe wowote.

Kwa hiyo mashine ibaki na matoleo mengi kadiri diski inavyoruhusu, ya mfumo yaachwe, na kila folda ya kazi itaje mwenye kiti chake. Asiye na pyenv wala asdf anaweza kufanya hivyo kwa kifaili cha maandishi chenye mstari mmoja. Wasimamizi nao wana sehemu yao. Sura za tatu za tasnifu zetu zimejaa sentensi ya kwamba takwimu zilichambuliwa kwa R, kisha nukta. Zirudisheni kwa wenyewe na wino mwekundu: R ipi?

Na wewe unayesoma hii na kazi iko wazi mbele yako, andika python3 --version, au ndani ya R andika R.version.string, nakili jibu, libandike mstari wa kwanza wa faili lako kabla hujaifunga laptopu.